Maharage Yasiyo na Chumvi

Nimezaliwa Biharamulo mjini, katika nyumba ambayo ukimya ulihesabiwa kuwa ugonjwa. Babu yangu alitoka pwani na marobota yake ya vitambaa akafungua duka, na sisi wajukuu tulikulia nyuma ya kaunta, tukisikia wateja wakibembelezwa tangu duka linapofunguliwa hadi linapofungwa. Mtu akinyamaza kidogo tu, mama yangu alimwekea kiganja kwenye paji la uso kuona kama ana homa. Kwa hiyo mtaelewa nilivyohangaika Mungu aliponijalia kitinda mimba asiyesema.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa Keza, wilayani Ngara, kwa Wahangaza, na ilikuwa miaka ya wakimbizi. Watu hunishangaa nikisema nimeikumbuka kwa hamu miaka ile. Wao hukumbuka misitu iliyokatwa kuni mpaka vilima vikabaki vipara, na vumbi la malori, na wale watu waliokuja wamebeba magodoro kichwani wasijue wanakwenda wapi. Hayo nayakumbuka pia, na mengine siwezi kuyaandika. Lakini nakumbuka vilevile kwamba nilikuwa kijana, wanangu wote watatu walilala chini ya paa moja, na jiko langu lilikuwa na turubai jipya la bluu lililotufikia kwa njia ambayo hakuna aliyeiuliza. Mume wangu alipata kazi ya kutunza ghala kambini, akawa anarudi Jumamosi kwa lifti ya lori, nywele zimekuwa nyekundu kwa vumbi. Watoto walikuwa wakimkimbilia mpaka kwenye migomba, na yule mdogo alikuwa wa mwisho, anacheka, hana neno.

Tuliishi na mama mkwe. Naye alikuwa msemaji wa kupindukia, ila kwetu tulisema na wateja, yeye alisema na chochote kilichokuwa mbele yake. Aliwasuta kuku. Aliiuliza sufuria inangoja nini kuchemka. Kiko chake kikizimika alikipa maneno makali kama mtoto mtoro. Yote hayo kwa Kihangaza, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa cha gulioni tu: bei, sabuni, punguza. Mimi aliniita Mswahili, na hakuwa akinisifu.

Vita yetu ilikuwa kwenye chungu. Baba yangu alikuwa na presha, nyumbani kwetu tukazoea chakula cha chumvi kidogo, na mkono wangu ukabaki hivyohivyo hata baada ya kuolewa. Basi kila siku, tukishakaa mkekani, mama mkwe alikuwa akichukua tonge la kwanza, analitafuna polepole, anatazama juu kwenye paa, kisha anatangaza bila kumtazama mtu yeyote: "Nta munyu." Yaani, hakuna chumvi. Nilijifunza Kihangaza taratibu sana, lakini hayo mawili niliyajua wiki ya kwanza. Niliyachukia kuliko tusi.

Binti yangu alikuwa amevuka miaka mitatu anaelekea wa nne. Wakubwa zake wawili walisema mapema, tena wakanichosha. Huyu alikuwa na mlio mmoja tu wa puani, na kidole cha kuonyeshea. Akitaka kitu alinivuta upindo wa kanga. Na mara nyingi hakuhitaji hata kunivuta, maana mimi nilikuwa nimeshamwona. Akitupia jicho mtungi, maji yapo mkononi. Akigeukia ndizi, imeshamenywa. Ndivyo nilivyolelewa: mtoto mwenye adabu haombi, na akiomba mbele ya mgeni anayeaibika ni mama yake, kwa kuwa watu watasema hamlishi. Majirani walinisifu kwa hilo, nami nilivimba kichwa.

Pale kijijini kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Jirani mmoja alisema mtoto ameshtushwa na malori. Mwingine akasema nilikula kitu fulani nikiwa mjamzito. Rafiki wa mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, alikuja Jumapili moja, akanywa chai yangu, akatoa hukumu: mtoto amechanganywa na lugha. Nyumbani Kihangaza na Kiswahili, barabarani Kirundi na Kinyarwanda, na mtoto ana kichwa kimoja tu. Asemeshwe lugha moja, ile ya shule. Mume wangu aliyachukua maneno hayo kama amri, na jioni ileile akamwambia mama yake kwa heshima zote kwamba tangu leo mtoto asemeshwe Kiswahili peke yake. Mimi sikuwa na la kupinga, lugha yenyewe ni yangu.

Mama mkwe alijaribu. Alimwita mtoto, akafungua mdomo, akatafuta neno, akalikosa, akabaki anamshika shavu tu. Baada ya siku chache aliacha kujaribu. Nadhani aliogopa kumharibu mjukuu kwa mdomo wake, na kwa kuwa mtoto alimfuata kila mahali kuanzia shambani hadi kisimani, dawa ilikuwa moja tu: kufunga mdomo kila mahali. Kuku hawakusutwa tena. Kiko kikizimika alikiwasha tena kimyakimya. Na siku moja tulikaa mkekani, nikapakua maharage, akachukua tonge lake la kwanza, akatafuna, na hakusema kitu. Mtaniona mjinga, lakini chakula kile sikukimaliza. Nilikuwa nimengoja nitukanwe.

Nyumba ikawa na sauti yangu peke yangu. "Sema mama. Sema maji. Hii nini? Hii je? Sema." Wageni nao: "Mbona haamkii? Sema shikamoo. Sema, mwanangu." Mtoto alifikia hatua ya kujificha nyuma ya mlango akisikia mtu anapiga hodi.

Habari zilifika Biharamulo, kama zinavyofika habari zote. Mama yangu akatuma ujumbe kwa dereva wa lori: huyo ana udata. Udata ni ule utando wa chini ya ulimi, na kwa imani ya mama yangu ukizidi unaufunga ulimi kama mbuzi kwenye kigingi. Dawa yake ni wembe. Kulikuwa na mzee mmoja kule mjini aliyewakata watoto barazani kwake, vimeo na udata, na mama alishazungumza naye. Alisema maharage yakishavunwa atakuja mwenyewe kumchukua mjukuu wake. Nilimtazama binti yangu anavyocheka, mdomo wazi, nikamfunika mdomo kwa kiganja changu.

Mume wangu ndiye aliyesikia habari za yule Mkenya. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliyeletwa kambini kwa ajili ya watoto wenye ulemavu. Wakimbizi walimwita daktari wa kusema. Alikuwa na hema lake karibu na zahanati ya kambi, na hakubagua mkimbizi na mwenyeji. Tulipanda lori la kwenda ghalani, mimi, mtoto, na mama mkwe, kwa sababu mtoto hakukubali kuondoka bila bibi yake. Mama mkwe alikaa kwenye magunia mwendo wote, kiko mdomoni, hajasema hata samahani.

Pale nje ya hema nilikaa na mama mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, na mwanawe wa miaka kama saba. Homa ya uti wa mgongo ilimwacha hai ikaondoka na masikio yake. Wale wawili walikuwa wakisemezana kwa vidole, haraka haraka, wakichekana. Niliwatazama mpaka nikasahau adabu. Yule mama aliniambia kwa Kiswahili cha kuungaunga kwamba alichelewa mwaka mzima akidhani mtoto ni mkaidi, akawa anamchapa. Alilisema hivyo tu, wazi, kisha akamfuta mwanawe makamasi.

Tulipoingia, nilimpa yule Mkenya hotuba yangu yote: lugha, malori, udata. Alinisikiliza kama mtu anayesubiri mvua ipite. Kisha hakugusa mdomo wa mtoto kwanza. Alimwacha achezee vifuniko vya chupa, akazunguka nyuma yake, akanong'ona. Mtoto akageuka. Akagonga kijiko mbali kidogo upande mwingine. Mtoto akageuka tena. "Masikio ndiyo mlango," aliniambia. "Mtu asikuambie lolote juu ya ulimi kabla hajapima masikio." Halafu akampaka asali kidogo juu ya mdomo, chini ya pua, na ulimi wa binti yangu ukapanda wenyewe ukaifuata asali yote.

"Udata uko wapi hapo?" akauliza.

Nikasema labda umejificha.

Akacheka mpaka kiti kikalia. "Hata angekuwa nao, mama, huo haumzibi mtoto asiseme kabisa. Unaweza kumpa taabu akinyonya, ama sauti moja mbili zikamshinda. Wembe unaumiza, unaleta damu na vidonda, na mtoto anabaki vile alivyokuwa. Sasa hebu cheza na yeye, mimi nitazame."

Nikakaa chini nikacheza. Nilimwonyesha binti yangu kila kilichokuwemo ndani ya hema lile, na kila kimoja nilikiulizia jina. Mtoto alitazama mkeka. Nilipoona ametupia jicho kikombe, nikampa kikombe. Yule Mkenya akanishika bega.

"Wacha, mama. Unampekua kama askari wa forodha pale Kabanga anavyopekua furushi. Na akitaka kitu unampa kabla hajataka. Sasa huyu aseme ili iwe nini?"

Nilikasirika. Nilimwambia kwetu mtoto haachwi ahitaji mbele ya mama yake, hayo si malezi. Akaniambia malezi yangu ni mazuri, ila nimemfanyia mtoto kazi yake. Kisha akamgeukia mama mkwe, aliyekuwa amejikunyata karibu na mlango wa hema, akamuuliza yeye huzungumza nini na mjukuu wake. Mama mkwe akanitazama mimi, akatazama chini.

"Kiswahiri sina," akasema. "Wamenikataza ruga yangu."

Ndipo yule mama mnene aliponieleza, bila mzaha sasa, kwamba mtoto habebi lugha kama mzigo wa kuni, kwamba ukimwongezea nyingine anaanguka. Watoto wa mpakani wanakua na tatu, nne, na wote wanasema. Anachohitaji mtoto ni mtu wa kuongea naye sana, kwa lugha ambayo mtu huyo anaijua vizuri, juu ya kitu ambacho wote wawili wanakitazama. "Nyumbani kwenu kuna mtu wa namna hiyo," akasema, "na mmemfunga mdomo."

Mafundisho mengine nilipewa nikiwa nimesimama, maana watu walikuwa wengi. Nikae chini mtoto aone uso wangu. Neno "sema" nilifungie kabatini. Akitazama kuku, nitaje kuku, basi, nisimtoze jibu. Akitoa nusu ya neno nilipokee kama zima, wala mtu asimcheke. Na lililonishinda kuliko yote: nimpe uji bila kijiko, makusudi, halafu nimtazame kama ninayengoja jibu la mtu mzima, ninyamaze. Tukirudi baada ya msimu hakuna badiliko, atatuandikia hospitali kubwa, kwa kuwa wapo watoto ambao tatizo lao liko ndani zaidi, na hao nao wana njia zao za kusema. Alinionyesha kwa kidevu yule mtoto wa vidole kule nje.

Mume wangu aliposikia, alikwenda mwenyewe kumwondolea mama yake ile amri. Asubuhi yake niliamshwa na kuku wakisutwa. Nililala pale nasikiliza, na nitasema ukweli, nilifurahi. Mama mkwe alikuwa na maneno ya wiki nyingi yaliyolimbikizwa. Alichambua maharage na mtoto kibarazani, akimweleza kila harage. Lililo jekundu, lililoliwa na mdudu, lililofanana na tumbo la jirani. Alimsengenyea wanawake wa kisimani. Alimsengenyea na mimi pia: mama yako anafua kama anayepigana, mama yako anatia mafuta kama mwenye kiwanda. Nilikuwa naelewa sasa, nikawa napita karibu nisikose kitu.

Mimi kwa upande wangu nilikuwa mwanafunzi mbaya. Niliweka uji bila kijiko. Mtoto akanitazama. Nikamtazama. Akaashiria, nikang'ata mdomo. Macho yake yakaanza kujaa maji, nami nikakimbia kuleta kijiko huku nikimlaani yule Mkenya. Mama mkwe alicheka kwa pua. Siku nyingine nilijitahidi zaidi, mtoto akatoa mlio mpya, mfupi, nikampa kijiko na kumkumbatia mpaka uji ukamwagika. Taratibu milio ikaongezeka. Aliwaita kuku kama bibi yake anavyowaita. Alinguruma kama lori linalopanda mlima. Maneno, hapana.

Maharage yakavunwa, na mama yangu akaja.

Alifika Jumamosi, kapakiwa kwenye baiskeli kutoka barabara kubwa, amejifunga kanga mpya, ana tende na vitambaa vya watoto. "Njoo mjukuu wangu, sema shikamoo," akasema kabla hajashuka vizuri. Mtoto akajificha nyuma ya bibi yake wa Keza. Mama akanigeukia. Alisema ameshapatana na yule mzee, na kesho asubuhi wanaondoka. Nikamweleza habari za asali na kunong'ona. Akaniuliza tangu lini ugonjwa wa ulimi ukatibiwa kwa kuchambua maharage. Nikapandisha sauti, naye akapandisha yake, na kwetu sauti zikipanda hazishuki karibuni. Mume wangu alikaa kwenye kigoda anakuna kichwa. Mwisho akasema labda pande zote mbili zijaribiwe, mtoto aende tu Biharamulo, halafu waone. Nikaenda jikoni. Nikasimama chini ya turubai langu la bluu nikalia, nikakoroga maharage huku naona wembe.

Tulikula sote mkeka mmoja kwa heshima ya mgeni. Mtoto alikaa katikati ya bibi zake. Mama yangu aliomba dua, tukanawa, mama mkwe akachukua tonge lake la kwanza la ndizi na maharage. Akatafuna. Na papo hapo, kwa jinsi taya lake lilivyopunguza mwendo, nikajua: sikutia chumvi kabisa. Si kidogo, hata punje. Mama mkwe akatazama juu kwenye paa.

Lakini kwa Wahangaza, chakula cha nyumbani hakikosolewi mbele ya wakwe. Mbele ya mama yangu asingesema hata kama ningempikia mawe. Akameza, akafunga mdomo, akaendelea kutazama paa.

Mtoto alikuwa akimtazama. Alikuwa na tonge lake mkononi, uso ameuinua, anangoja yale maneno yanayokuja hapo kila siku. Akamtazama bibi mdomo, akatazama paa alikokuwa akitazama bibi, akarudi kwenye mdomo. Kisha, kwa sauti ndogo ya kukwaruza, kama mlango ambao haujafunguliwa muda mrefu, akasema:

"Nta munyu."

Mama mkwe alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Mume wangu aliangusha tonge. Kaka wa mtoto akaanza kucheka, nikamkazia macho, akaacha.

"Amesema nini?" mama yangu akauliza. "Huyu mtoto amesema nini?"

"Anasema hakuna chumvi, mama."

Mama akachovya, akaonja. "Kweli haina," akasema. Na machozi yakaanza kumtoka, mama yangu, aliyekuwa hana machozi ya bure. Nilinyanyuka kwenda kuleta chumvi nikashindwa kuona kopo liko wapi, na lilikuwa mahali pake pale pale.

Hakwenda na mtoto. Ila mpaka anafariki aliwasimulia Biharamulo nzima kwamba udata ulikatwa na Mkenya mmoja, kwa siri, bila sisi kujua. Yule Mkenya niliporudi kumweleza alipiga meza akacheka, kisha akaniambia kazi bado, nisilale. Na kweli ilichukua muda mrefu, maneno yakija moja moja, mengine yamekatika mguu, ya Kihangaza kwanza, ya kwangu baadaye. Nilimwonea wivu mama mkwe, sitaficha. Halafu neno "mama" likaja, na wivu ukaniisha.

Kambi zilifungwa, malori yakaondoka, nyasi zikarudi vilimani. Turubai langu lilichanika likawa vipande vya kufunikia kuni. Mama mkwe alitutoka miaka mingi sasa, na kiko chake ninacho. Binti yangu yuko Mwanza, na anavyosema siku hizi utadhani alizaliwa nyuma ya kaunta ya babu yangu.

Akija kunitembelea humpikia maharage. Chumvi naificha nyuma yangu, kwenye kisosi. Huchukua tonge lake la kwanza, akalitafuna polepole, akatazama juu kwenye paa, na mimi, ambaye nilishindwa kuficha kijiko, hufunga mdomo wangu na kungoja.